Mto wa leo, au ule wa Aprili?

Jumanne nilikuwa kwa shangazi yangu, Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kando ya Mto Ngong, walipofika vijana wawili na tepe ya kupimia na kopo la rangi nyekundu. Mmoja alishika ncha pale ukingoni, mwenzake akaivuta akipenya katikati ya mabati na kamba za nguo mpaka ikasoma mita 30. Ikaishia kwenye kona ya choo cha ploti. Nyumba zote za upande wa mto zikapigwa X, alama ya kubomolewa. Ya shangazi iko hatua nne baada ya choo, kwa hiyo haikuguswa, na majirani wakaanza kumpongeza.

Yeye hakufurahi. Alimwita yule kijana mwenye tepe.

"Mwanangu, hizo mita 30 umeanza kuhesabu wapi?"

"Mtoni, mama."

"Mto upi? Huu wa leo, au ule wa Aprili?"

Kijana alinyamaza. Simlaumu, katumwa. Lakini swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu sijasikia mkubwa yeyote akiliuliza.

Kwenye mwimo wa mlango wa shangazi kuna alama mbili za kisu. Ya chini, usawa wa goti langu, ni ya mafuriko ya 2018. Ya juu ni ya Aprili 2024, nayo iko kidole kimoja tu chini ya swichi ya taa. Maji yalifika hapo usiku, watoto wakiwa wamelala. Godoro, unga, sare za shule, vyote vilikwenda. Hiyo ndiyo nyumba ambayo tepe inasema iko salama. Na huko juu kidogo, ng'ambo ya kivuko, kuna jirani aliyejenga juu ya mwamba. Mto uko chini yake kabisa na maji hayajawahi kufika hata kizingitini pake, lakini yeye kapigwa X. Mafuriko yanafuata urefu wa ardhi, mabonde na miinuko. Tepe iliyolazwa chini haiwezi kukuonyesha hayo hata ukiivuta mchana kutwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria yenyewe inalijua hili. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza ujenzi kando ya mto kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30, na zinataka kipimo kizingatie kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kilichorekodiwa! Basi ile rekodi iko wapi? Kanuni nyingine za maji zinahesabu kutoka ukingoni, na ndivyo tunavyofanya kwa sababu ukingo unaonekana kwa macho. Mtaani kwa shangazi, rekodi ninayoijua mimi iko kwenye ubao wa mlango, na mchwa wameshaanza kuutafuna.

Tunachohitaji ni ramani ya mafuriko, na si ndoto. Unapima miinuko ya ardhi, unajua mvua kubwa huleta maji kiasi gani, unakusanya alama kama zile za shangazi kutoka mlango hadi mlango, kisha unachora mahali maji yatakapofika na kina chake. Watu wa Mukuru wameshaonyesha kwamba wanaweza kazi ya namna hii. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji mwaka 2017, wakazi wenyewe, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda, walihesabu nyumba na kukaa vikao vya kupanga barabara, maji na vyoo. Hawakungoja kufundishwa mtaa wao.

Na ramani hiyo isiishie Mukuru. Maji yanayotuzamisha mengi hayakunyesha kwetu. Mto Ngong unaanzia upande wa Dagoretti ukiitwa Motoine, unapita Kibera na Bwawa la Nairobi, ndipo unashuka Industrial Area hadi kwetu. Kila uwanja unaomwagwa zege huko juu unatuletea maji haraka zaidi, na huku mashariki udongo ni ule mweusi wa kunata, ukishashiba haunywi tena.

Kuna wanaojifariji kwamba mafuriko makubwa ni ya mara moja kwa miaka 100. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ukikaa mahali hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona unapita robo. Yeyote anayenunua ploti Nairobi angepaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Tuna Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, tangu 2021. Ukitafuta hati, mstari wa mafuriko uonekane hapo hapo pamoja na mipaka. Mpangaji naye aukute umebandikwa kwa chifu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ramani haitampa mtu kodi ya nyumba nyingine. Shangazi anakaa pale kwa sababu anatembea kwa miguu hadi kiwandani. Nakubali pia kwamba ramani mbaya mkononi mwa mwenye tingatinga itakuwa X nyingine tu. Mwaka 2024 watu wa Mathare na Mukuru walibomolewa mvua ikiwa bado inanyesha. Ndiyo maana nataka ichorwe nasi, hadharani, na anayeambiwa ahame aonyeshwe kwanza maji yatamfika wapi, na yeye ataenda wapi.

Nimeanza na mlango wa shangazi: sentimita 121 kutoka sakafuni. Jumamosi tunapita ploti zote hadi kivukoni, mimi na vijana watatu wa pale, na daftari. Kama uko Mathare, Kiambiu, Githurai au popote maji yalipoingia, pima alama yako, andika tarehe, piga picha mlango mzima uonekane. Na kama unataka kupaka ukuta rangi kabla ya masika, acha kipande hicho kwanza.