Kabla ya lenzi mpya, jifunze kuihamisha nukta

Ninayo picha moja ya Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Unguja, niliyoipiga mwaka 2018. Nilisimama Forodhani chini ya mti, jioni, jua linazama baharini mgongoni mwangu na veranda za jumba zimepata rangi ya asali. Nilibonyeza mara moja tu, nikaridhika, nikaenda zangu kunywa juisi ya miwa. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikaona tawi lililoning'inia mbele yangu limetoka kali, jani kwa jani, mpaka mishipa yake unaihesabu. Jumba lenyewe limefifia. Nikasema si kitu, nitarudi Jumamosi. Jumamosi ile sikwenda, wala iliyofuata. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo, lililosimama tangu 1883, iliporomoka.

Lenzi yangu haikuwa na kosa. Ilikuwa ile 18-55 inayokuja na kamera (namba hizo ni milimita, na kadiri zinavyokua lenzi huvuta zaidi), na kazi ile ilikuwa inaiweza. Kosa ni kwamba niliiachia kamera ichague yenyewe pa kufokasi, yaani mahali pa kutoka pakali, na kamera ukiiachia aghlabu hukimbilia kilicho karibu. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue lenzi gani, na wananiuliza sana siku hizi kwa kuwa DSLR, kamera zenye kioo ndani, za mkono wa pili zinapatikana kwa bei nafuu tangu makampuni yalipohamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, mimi humuuliza kwanza: nukta yako ya fokasi umeiweka wapi? Wengi hunitazama tu.

Chungulia kwenye kitundu cha kamera yako. Utaona nukta zimetawanyika: 9 kwenye Canon 600D, 11 kwenye Nikon D3200 yangu. Kamera mpya huja imewekwa itumie zote na ichague yenyewe. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja, kisha ihamishe kwa vitufe vya mishale vilivyo nyuma. Ni kazi ya dakika moja na haina gharama. Ukimpiga mtu, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Ukipiga mlango wa Mji Mkongwe, amua kwanza unachotaka kisomeke, maandishi ya juu ya kizingiti au misumari ya shaba iliyochomoza, halafu nukta iende hapo.

Na inafaa kuelewa kwa nini wakati mwingine kamera hukataa. Fokasi ya DSLR hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Vikipishana, kamera hujua lenzi izungushwe kwendea wapi na kwa kiasi gani. Lakini ili ilinganishe lazima ipate mstari au ukingo, mahali ambapo giza na mwanga vinakutana. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi haina kitu cha kushikia. Buibui jeusi ni hivyo hivyo, na ukuta uliopakwa chokaa. Siku ya Idd, ukimpiga mzee wako na nukta ikaangukia kifuani, utaisikia lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia. Ipeleke kwenye darizi ya shingoni, kwenye ukingo wa kofia, au bora zaidi kwenye jicho. Kwenye kamera zetu hizi za bei ndogo nukta ya katikati ndiyo yenye nguvu, kwa sababu husoma mistari iliyosimama na iliyolala pia. Nyingi za pembeni husoma upande mmoja tu. Ya pembeni ikigoma, ilaze kamera kidogo uone kama haitashika.

Jambo jingine ambalo karibu hakuna anayeambiwa: pembeni mwa kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu au kiswichi kidogo cha kurekebisha kulingana na macho yako. Nilikaa miezi nikiamini kamera yangu mbovu kwa kuwa kila kitu nilikiona na ukungu. Kilikuwa kimesogea ndani ya mkoba. Tazama maandishi yanayoonekana chini ya kitundu, si mandhari, na uzungushe mpaka yasomeke vizuri.

Sasa lenzi. Ushauri unaouzwa kila mahali ni kwamba ukishakuwa na 18-55, ya pili inunuliwe ndefu, 70-300 au 55-250, upate kuvuta vitu vya mbali. Mimi naupinga kwa moyo wote, na sababu ya kwanza ni hapa tunapoishi. Maisha yetu yanapita karibu. Vichochoro vya Kiponda na Mkunazini ni vyembamba, unaweza kugusa kuta zote mbili. Watu wamekaa barazani, goti kwa goti. Lenzi ya milimita 300 utaifanyia nini pale? Sababu ya pili naitaja bila kuona haya: lenzi ndefu inatufundisha tabia mbaya. Nimewaona vijana wamesimama juu ya mchanga Paje wakiwavuta kwa mbali kina mama walioinama kwenye mwani, bila salamu wala ruhusa. Teremka majini, toa salamu, uliza. Ukikubaliwa, hutahitaji lenzi ndefu, na ukikataliwa hukupaswa kuipata picha hiyo.

Nunua isiyo na zumu (isiyovuta), praimu, yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga: 50mm f/1.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Canon wanayo, Nikon wanayo, na kati ya lenzi zote ndiyo ya bei ndogo kuliko nyingi kwa ubora unaoupata.

Nilijua thamani yake usiku wa hina ya mtoto wa dada yangu. Chumba kimoja, taa moja ya ukutani, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, na bi harusi ameketi mkekani ananyoosha mikono wamchore piko. Nilianza na 18-55. Ukiivuta hadi 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, kwa hiyo kamera ilinipa shata, muda wa kuupokea mwanga, wa 1/10 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mkono wa mchoraji hauwezi kutulia, wala wangu. Nikatia 50mm nikafungua f/1.8, na shata ikapanda mpaka kama 1/100, chumba kile kile, taa ile ile, ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga) ile ile. Hesabu yake si ngumu: gawa 5.6 kwa 1.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata zaidi ya 9. Mwanga karibu mara kumi. Sikuwasha flashi hata mara moja usiku ule, na shangazi mtu, ambaye flashi humtia kipandauso, alinishukuru kwa hilo kabla hajaona picha.

Ila mwanga huo una bei yake. Kwenye f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa kamera zenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo kama zetu, sehemu inayotoka kali ina unene wa sentimita sita hivi. Jicho likiwa kali, sikio limeshaanza kulainika. Mtu akipumua na kuegemea mbele kidogo, umeshamkosa. Hapa ndipo watu wanaporudi wakilalamika kwamba lenzi ni mbovu, na hapa ndipo ile nukta inapokuwa kila kitu. Usifanye ule mtindo wa kufokasi katikati, ukashikilia, halafu ukaihamisha kamera yote kuipanga picha. Kwenye f/8 hauna madhara, lakini kwenye f/1.8 ule mzunguko mdogo wa mkono unatosha kuipeleka fokasi nyuma ya jicho. Hamisha nukta, kamera itulie. Na kama mwanga unaruhusu, funga mpaka f/2.8 au f/4. Si lazima kila picha nyuma iwe imeyeyuka. Nyuma ya mtu kuna nyumba yake, nami napenda kuiona.

Ukishuku lenzi, ipime kwa dhumna. Zipange kete saba barazani, moja nyuma ya mwenzake kwa mshazari, kila moja ikiachana na nyingine sentimita mbili. Kaa karibu mita moja, tia tripodi au egemeza kamera juu ya kitu, f/1.8, nukta juu ya kete ya nne. Piga mara tano, kila mara ukiitoa fokasi na kuirudisha. Ikiwa ya nne ndiyo kali, lenzi ni nzima, kajirekebishe mwenyewe. Ikiwa kila mara ni ya tatu au ya tano, fokasi yake imesogea. Fanya jaribio hili mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa, maana lenzi ya mkono wa pili bila kuijaribu ni mbuzi ndani ya gunia. Mimi niliuziwa 50mm ya zamani ya Nikon, ya aina ya D, na aliyeniuzia akaniapia inafokasi. Inafokasi, lakini kwa kamera yenye mota ya kuizungusha lenzi ndani yake. D3200 haina, wala zile zote za D3000 na D5000. Kwa kamera hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake yenyewe. Wenye Canon EOS hawana shida hii, mota huwa ndani ya lenzi.

Kama picha zako nyingi ni za vichochoroni, basi 50 itakubana. Kwa sensa zetu inaona finyu, kama lenzi ya 75 ya sensa kubwa kwenye Nikon na kama ya 80 kwenye Canon, na utajikuta mgongo umefika ukutani na mlango bado haujaingia wote. Nikon wana 35mm f/1.8 ya DX, yaani ya sensa ndogo, Canon wana 24mm f/2.8 nyembamba kama biskuti. Mimi kwa Mji Mkongwe mchana bado natumia 18-55 ile ile, tena bila kufokasi kila mara: naiweka 18, f/8, nafokasi kitu kilicho mita mbili na kidogo, kisha nazima fokasi ya yenyewe kwa kiswichi cha pembeni mwa lenzi. Kuanzia kama mita moja mbele yangu mpaka mwisho wa kichochoro kila kitu kinatoka kikali. Mwenye baiskeli akichomoza konani sina haja ya kusubiri kamera ifikiri.

Kwa vitu vinavyokimbia ni habari nyingine. Jioni Forodhani vijana wanapiga makachu, wanatoka mbio ukingoni na kujitupa baharini kwa kila mtindo. Hapo badilisha fokasi iwe ya kufuatilia, AF-C kwa Nikon, AI Servo kwa Canon, shata isipungue 1/1000, na utenganishe fokasi na kitufe cha kupigia. Kwenye menyu ya Nikon kitufe cha AE-L/AF-L unakipa kazi ya AF-ON, na kwenye Canon unatumia kile chenye kinyota. Dole gumba linafokasi, kidole cha shahada kinapiga. Wiki ya kwanza mkono unakasirika. Baadaye hutaki kurudi tena. Ukiliachia dole gumba fokasi inabaki ilipo, kwa hiyo unaweza pia kufokasi ukingo wa ukuta anaporukia, ukaachia, na kumngoja hapo hapo. Hii ya pili ndiyo iliyonipa picha ninazozipenda, kwa sababu mwili wa mrukaji unapita upesi kuliko kamera yangu inavyoweza kuufuata.

Lenzi ukishaipata, ilinde na unyevu wetu. Kutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo kinatoka jasho papo hapo, basi ifungie kwenye mkoba kama nusu saa izoee joto kabla ya kuifungua. Nyumbani usiifungie kabatini miezi kwa miezi, kuvu itaota ndani ya vioo, na ikishaota kuitoa ni taabu. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na usiweke mchele, una vumbi. Lakini dawa kubwa ni kuitumia, ipate hewa na mwanga.

Lenzi ndefu nimeikataa, na kuna mahali pamoja naisalimia. Kwenye mchezo wa ng'ombe kule Pemba, zumari linalia, fahali anavuta kamba, na anayemchezea amesimama na kitambaa chake hatua chache tu kutoka kwenye pembe. Mimi pale sisogei karibu, na 50mm inanionyesha ng'ombe mdogo na vumbi jingi. Msimu uliopita niliazima 70-300 ya jirani yangu wa Wete, nikaiweka f/5.6, AF-C, nukta moja ya katikati juu ya paji la uso la ng'ombe, kwenye ukingo wa pembe ambapo pana cha kushikia. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili, kumi na moja ni kali. Lenzi nilimrudishia siku ya pili yake.