Pikapu kongwe inakunywa mafuta: kabla ya kuiuza, tupige hesabu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mwenye pikapu ya kazi ya miaka ya tisini husikia ushauri uleule: uza hilo gari, linakunywa, tafuta la kisasa. Ushauri huo ulipata nguvu zaidi mwaka 2022, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, hadi Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi wa Juni. Watu wengi walitazama Hilux zao wakaona adui amepaki uani.

Wanaoshauri hivyo wana hoja, na nitaieleza kama ilivyo. Lakini nadhani wanalinganisha vitu viwili visivyolingana, na kosa hilo linawaingiza wakulima na wafanyabiashara wadogo kwenye madeni ambayo mafuta watakayookoa hayawezi kuyalipa.

Hoja yao ni hii. Injini za Toyota za 3L na 5L, zilizobeba vitunguu na viazi vingi vya nchi hii, zinachomea dizeli kwanza kwenye kijumba kidogo kilichomo ndani ya kichwa cha injini, ndipo moto unatoka kwenda kwenye pistoni. Kuta za kijumba hicho zinameza joto, na joto ni mafuta uliyoyalipia. Injini za kisasa zinapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na kwa hilo peke yake zinaokoa takriban asilimia 10 hadi 15. Ongeza mfumo wa komoni reli, unaopuliza mafuta kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000 mahali ambapo nozeli za zamani, yaani midomo ya kupulizia dizeli, zinafunguka kwa mia na kitu, ongeza na tabo inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na unapata injini ndogo yenye nguvu zaidi kwa mafuta machache. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hakuna fundi anayeweza kuifuta kwa spana.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji.

Sisi hupima gari kwa kilomita kwa lita. Linakwenda 7, linakwenda 12. Kipimo hicho kinadanganya macho. Mwaka 2008, Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kwenye jarida la Science jinsi watu wanavyopotoshwa na kipimo cha maili kwa galoni, kwa sababu akili inadhani kila maili inayoongezeka ina thamani sawa na iliyotangulia. Haina. Fedha hailipwi kwa kilomita, inalipwa kwa lita, na hesabu ya lita inakwenda kinyume na macho.

Chukua pikapu inayotembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Ikiwa mgonjwa na inakwenda 7 kwa lita, itakunywa lita 286. Ikitibiwa ikafika 9, itakunywa 222. Umeokoa lita 64 kwa kuongeza kilomita mbili tu. Sasa chukua gari la kisasa linalokwenda 12, ulifikishe 15. Litatoka lita 167 hadi 133: umeokoa lita 34 kwa kuongeza kilomita tatu. Kilomita mbili za gari bovu zina thamani karibu mara mbili ya kilomita tatu za gari zima. Kadiri gari linavyokunywa zaidi, ndivyo kila kilomita unayoirudisha inavyolipa zaidi, na ndiyo maana mahali pa kwanza pa kutafuta akiba ni kwenye lile gari unaloambiwa ulikimbie.

Nilipoanza kuandika hesabu hizi kwenye daftari la gari langu, kilichonishtua ni hatua inayofuata. Anayekushauri uuze anachukua pikapu yako ilivyo leo, mgonjwa, kwenye 7, anailinganisha na gari zima linalokwenda 12, anakuahidi akiba ya lita 119 kwa mwezi. Lakini lita 64 kati ya hizo 119, yaani zaidi ya nusu, ziko tayari ndani ya gari ulilonalo. Gari jipya linakuongezea lita 55 tu juu ya gari la zamani lililotengenezwa. Lita moja tuiweke Sh3,000 ili hesabu iwe nyepesi: hizo lita 55 ni kama Sh165,000 kwa mwezi, Sh2 milioni kasoro kidogo kwa mwaka. Kama tofauti ya bei kati ya pikapu yako na ile ya kisasa ni Sh20 milioni, utasubiri miaka 10 mafuta yakurudishie fedha yako, bila riba ya benki na bila kugusa injekta hata moja. Matengenezo yanayokuletea zile lita 64 za kwanza yanagharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

Swali la haki ni kama kweli 7 inaweza kuwa 9. Si kila gari. Lakini ukizunguka Gerezani pale Dar es Salaam, au Unga Limited kule Arusha, utaona kwamba ubaya mwingi wa pikapu hizi haukuja na uzee. Uliingizwa na mikono yetu.

Mfano mbaya kuliko yote ni themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Gari limechemsha safarini, fundi anaitoa, anaitupa, anamwambia mwenye gari kwamba nchi zetu ni za joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wenye baridi. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno. Themostati ipo ili injini ifike joto la nyuzi 80 na kitu haraka na kubaki hapo. Bila hiyo, kwenye baridi ya Makambako au Mbeya asubuhi ya Juni, injini inatembea kilomita nyingi ikiwa baridi, oili nzito, dizeli haiungui vizuri. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo gari lililochemsha linaweza kuendelea kuchemsha. Fundi akiona hivyo, anafunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote na injini. Feni hiyo inakula nguvu kila sekunde, hata ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na upepo wa barabarani unatosha. Makosa mawili yanalindana, na mwenye gari anaambiwa injini imezeeka.

Pampu nayo ina historia kama hiyo. Gari limepungua nguvu mlimani kwa sababu nozeli zimechoka, na badala ya kuzipeleka kupimwa, skrubu ya dizeli inazungushwa ili pampu imwage zaidi. Nguvu inarudi kidogo, moshi mweusi unatoka, na moshi mweusi ni dizeli iliyoondoka bila kufanya kazi. Eya klina, yaani chujio la hewa, iliyojaa vumbi inaleta matokeo yaleyale. Utasoma kwamba chujio chafu halipandishi ulaji wa mafuta, na utafiti wa Marekani umeonyesha hivyo kwa magari ya kisasa ya petroli, kwa sababu kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta kwa kiasi hicho. Pampu ya 3L haina kompyuta. Haijui hewa imepungua, inaendelea kupuliza kama kawaida. Ushauri ulioandikwa kwa gari la huko haumfai mtu anayepita barabara ya vumbi kila siku.

Breki zinazoshika, beringi kavu, habu za mbele, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele na injini, zilizoachwa zimefungwa baada ya matope ya masika kwisha, kichanja cha vyuma kinachokaa juu ya bodi mwaka mzima kwa ajili ya mzigo wa msimu mmoja: hivi vinaeleweka, sitavirefusha. Mlango wa nyuma wa bodi uache umefungwa, maana kuushusha hakupunguzi upepo kama wengi wanavyodhani. Upepo wa tairi una faida ndogo kuliko inavyosemwa, lakini ni ya bure: Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria hasara ya takriban asilimia 0.2 kwa kila PSI 1 inayopungua kwenye tairi zote nne. PSI 15 pungufu ni asilimia 3, lita 8 na nusu kwa mwezi kwa yule wa lita 286.

Kuna na jambo la saa ya kilomita. Pikapu nyingi zimevalishwa tairi kubwa kuliko za kiwandani ili zipite kwenye mashimo. Tairi ikiwa na mzunguko mkubwa kwa asilimia 10, saa inahesabu kilomita 7 wakati umetembea 7.7. Gari linahukumiwa kwa ushahidi wa saa isiyosema kweli. Kabla ya kulaumu injini, pima umbali kwa vibao vya kilomita barabarani, jaza tanki hadi shingoni, tembea, jaza tena kituo kilekile.

Dereva naye. Wapo wanaoshuka mlima wa Kitonga kule Iringa gia ikiwa huru, wakiamini wanaokoa. Kwenye dizeli hizi za zamani, ukiacha gia imeingia na mguu umetoka kwenye mafuta, gavana ya pampu, kifaa kinachopima dizeli ya kupulizwa, inakata dizeli karibu yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka huru, injini inalazimika kunywa dizeli ili isizime. Kwa hiyo unayeshuka huru unatumia mafuta zaidi ya mwenzako aliye gia ya pili, na breki zako zinaungua mahali ambapo watu wengi wamepoteza maisha. Natamani kila mwenye gari amwambie dereva wake jambo hili kwa sentensi hizohizo.

Nirudi upande wa pili, maana una uzito ambao hesabu yangu haiufuti. Anayetembea kilomita 5,000 kwa mwezi, tofauti ya zile lita 55 kwake ni lita 139, zaidi ya Sh400,000 kwa mwezi. Miaka 10 inakuwa minne. Huyo ana sababu ya kweli ya kufikiria gari la kisasa, na sitamzuia. Moshi pia: Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na injini ya zamani hata ikiwa nzima haiwezi kushindana kwa usafi na mpya. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni kwenye dizeli, na kiwango hicho kinazifaa injini mpya. Kuna na begi za hewa na breki za ABS ambazo pikapu ya mwaka 1994 haina, na hapo sina jibu la lita wala shilingi.

Ila gari la kisasa linadai mafuta safi kila siku, kila kituo. Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu yalikuwa yanachanganywa na dizeli, na Kenya ikafanya vivyo hivyo mwaka 2018. Uchakachuaji umepungua, lakini dizeli ya kwenye madumu vijijini haina mkaguzi. Mafuta ya taa hayalainishi. Pampu ya zamani itaumia na kutengenezwa. Injekta za komoni reli zikiumia, nne kwa pamoja, bili yake inaweza kumeza akiba yote ya mwaka niliyoihesabu hapo juu. Anayeishi kilomita 60 kutoka kituo cha uhakika aingize jambo hilo kwenye hesabu yake kabla ya kusaini mkopo.

Kwa hiyo mwenye pikapu anayeniuliza, namwomba kwanza apime kompresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa ndani ya kila silinda. Kama injini imechoka ndani, moshi unatoka kwenye tundu la oili na silinda moja iko chini sana kuliko nyingine, au chesisi imeliwa na kutu, fedha ya nozeli itapotea bure na wanaosema auze wako sahihi. Kama kompresheni ni nzuri, arudishe themostati, aachie feni izunguke ilivyoundwa, apeleke nozeli na pampu kwenye mashine ya kupimia, kisha ajaze matanki matatu na kuandika. Namba ya tanki la tatu ndiyo ailinganishe na gari la dukani.

Tatizo ni kwamba mkopo wa kununua gari unapatikana, kwa kuwa gari lenyewe ndilo dhamana, lakini anayehitaji milioni moja na nusu ya kutengeneza pampu na nozeli hana dhamana ya kuonyesha zaidi ya kadi ya gari ambalo kila mtu anamwambia halina thamani. SACCOS za wakulima zingeweza kulichukua jambo hili: mkopo mdogo wa matengenezo, unaolipwa kwa lita zilizookolewa, na daftari la matanki matatu liwe ndiyo karatasi ya kuombea.