Zana Tunazo, Saa Hatujapewa

Vijana wengi walioko nyumbani Tanzania kwenye fani ya kompyuta hudhani sisi tuliohamia Ujerumani tunafanya kazi na zana ambazo wao hawazipati. Zana ni zilezile, programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, kuusoma msimbo wake na kuurekebisha: Linux, Git, PostgreSQL, Python. Mwenye intaneti anazipakua, na hakuna anayemuuliza yuko nchi gani. Nilichokikuta huku na ambacho nyumbani sikukiona ni muda. Mwajiri wangu ananilipa mshahara nikae nirekebishe hitilafu kwenye programu ambayo kampuni yake haiimiliki na wala haina mpango wa kuimiliki. Nyumbani ningefanya hivyo saa za kazi, bosi angeniita nijieleze.

Asidhani mtu kwamba huku wanafanya hisani. Kampuni ikirekebisha hitilafu kwenye nakala yake peke yake, toleo jipya likitoka inabidi irudie kazi ileile, na linalofuata vivyo hivyo. Ikiyapeleka marekebisho kwa watunzaji wa programu nao wakayakubali, yanakuja ndani ya kila toleo, na wengine wanayajaribu na kuyaboresha. Bosi ameokoa fedha. Fundi wake naye amekosolewa na watu wanaoijua programu hiyo kuliko yeyote ofisini. Mimi hakuna darasa lililonifundisha kuandika msimbo unaosomeka kama walivyonifundisha watunzaji wasionijua kwa sura, wanaokurudishia kazi na kuuliza: jaribio liko wapi? Mbona umegusa mafaili matatu na tatizo liko kwenye moja?

Nyumbani mazungumzo ya programu huria huishia kwenye bei. Na hata kwenye bei inashindwa, maana iliyochakachuliwa nayo hailipiwi. Fundi anakuja na flashi, anapiga Windows, anaweka programu za ofisi zenye ufunguo wa bandia, na mara nyingi anazima masasisho ili ujanja usigundulike. Kompyuta inakaa miaka na matundu yake. Ofisi moja niliyofanyia kazi kabla sijaondoka mafaili yake yote yalifungwa na virusi, na nakala rudufu hazikuwepo. LibreOffice, programu huria ya ofisi, ingeandika barua zilezile na majedwali yaleyale, kihalali, ikisasishwa kila mara. Najua yapo mafaili ya Excel yenye makro nzito (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili) yasiyofunguka vizuri humo, na anayeyategemea ana haki ya kusita. Ofisi nyingi hazina hata moja la aina hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili si geni kwetu. Takwimu za afya za Tanzania zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo lakini yenye chimbuko lake Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo kwenye mtandao wa wanaoijenga. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004, ulikua kutokana na mahitaji ya kliniki za Ukimwi kule Eldoret, Kenya. Mwaka huohuo wa 2004 chuo hichohicho cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi madarasani ukawapeleka kwenye maeneo ya jiji la Dar es Salaam yanayofurika, wakachora mitaro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia.

Watu tunao, basi. Tunachokosa ni mahali pa kuiweka kazi hii fedha za mradi zinapokwisha. Tafsiri haina siku ya kukabidhiwa. Kila toleo huja na menyu mpya ambazo mtu lazima azitafsiri. Ramani nayo inachakaa kila mtaa unapojengwa. Inatakiwa awepo mwajiriwa ambaye utunzaji huo umeandikwa kwenye majukumu yake, ripoti ya mfadhili iwepo isiwepo.

Huku nako kuna aibu zake. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Alichimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeupandikiza alishiriki kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, ilhali mtunzaji wake wa siku zote alikuwa mtu mmoja, anayejitolea, ambaye alikwisha kusema wazi kwamba ameelemewa. Makampuni tajiri yalikuwa yakiitegemea kazi ya mtu huyo kila siku, na mzigo wakamwachia yeye. Serikali za huku nazo husitasita: jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein likatangaza mwaka 2024 kuzihamishia LibreOffice kompyuta zake 30,000.

Kwa hiyo siwaambii wa nyumbani waige kila kitu. Nataka tuanze na mikataba. Taasisi ya umma inapotangaza zabuni ya mfumo uliojengwa juu ya programu huria, iweke kifungu kwamba marekebisho yote yatapelekwa kwenye mradi mama, kwa watunzaji wa programu yenyewe, na saa za kuyapeleka zilipwe. Vyuo navyo vimpe mwanafunzi alama za mradi wa mwaka wa mwisho akileta marekebisho yaliyokubaliwa kwenye programu inayotumika kweli, badala ya mfumo mwingine tena wa kusajili wanafunzi utakaofia kwenye kabati la idara. Kwa ofisi za kawaida, mchana mmoja kwa wiki unatosha, na fundi aanze na ile hitilafu ambayo ofisi nzima inaijua, inaizunguka kila siku, na hakuna aliyewahi kuiripoti.