Kivuli cha uwanjani kiandikwe kwenye tiketi

Ukinunua tiketi ya mechi utaambiwa lango la kuingilia, jukwaa, safu na namba ya kiti. Wengine hukuonyesha hadi picha ya uwanja jinsi utakavyouona ukiwa umekaa pale. Jambo moja hawalisemi: saa kumi jioni jua litakuwa upande gani. Na wanajua. Aliyechora uwanja alijua tangu mwanzo, ndiyo maana viwanja vingi vya soka hulazwa kaskazini-kusini, ili jua la jioni lisimpige kipa usoni. Ndiyo maana pia jukwaa kuu, lile la wageni waheshimiwa, mara nyingi huwa upande wa magharibi. Wao wanaligeuzia jua kisogo, sisi tulioko mashariki tunatazamana nalo.

Kaa jukwaa la mashariki mechi ya saa kumi uone. Kiti cha plastiki kimeiva, unakikalia kwa tahadhari, upande mmoja kwanza. Kipindi cha pili safu nzima imeweka viganja kwenye paji la uso kama gwaride linalopiga saluti. Krosi ikipigwa, mpira unazama kwenye mwanga, na kama ni goli utalijua kwa kelele za wenzako wa ng'ambo. Wala usijidanganye na paa. Jua likishashuka hupenya chini yake na kukufuata hadi safu ya nyuma kabisa.

Wanaotetea ukimya huu husema hali ya hewa haitabiriki. Mawingu, sawa. Lakini njia ya jua angani inajulikana kwa kila siku ya mwaka na kila dakika ya siku, na siku likifunikwa na wingu hakuna shabiki atakayedai arudishiwe pesa. Hispania, kwenye viwanja vya mchezo wa fahali kama Las Ventas wa Madrid uliofunguliwa mwaka 1931, tiketi zimegawanywa waziwazi: viti vya juani, viti vya kivulini, na vile vinavyoanza na jua kisha vikapata kivuli. Vya kivulini ni ghali zaidi. Sipendi bei hiyo, lakini angalau mtu anajua anacholipia. Hata Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, matangazo ya michezo yaliyoandikwa ukutani yalitaja kwamba kutakuwa na maturubai ya kukinga jua. Mtu wa zama zile alipewa habari ambayo mimi leo, na simu yangu mkononi, sipewi.

Basi mpaka watakapoamua kusema, tujisaidie. Fungua picha ya satelaiti ya uwanja, kaskazini ikiwa juu, utafute magharibi. Kwa mechi za alasiri, hapo ndipo kivuli kinapoanzia, na kinaanzia safu za juu kikishuka taratibu kuelekea uwanjani. Ukikata tiketi ya safu ya kwanza kwa sababu tu ni upande wa magharibi, unaweza kuungua kipindi chote cha kwanza. Mwinuko wa jukwaa nao una neno. Jukwaa lenye mwinuko wa nyuzi 30 linaingia kivulini lote, hata kama halina paa, jua linaposhuka chini ya nyuzi hizo. Kwenye ikweta hiyo ni saa kumi jioni au karibu na hapo. Majukwaa yaliyolala hungoja zaidi.

Wanaokaa nyuma ya magoli waangalie mwezi wa kalenda. Ulaya jua la mchana huwa kusini mwaka mzima, hivyo nyuma ya goli la kusini ndiko kuna nafuu. Kusini mwa Australia ni kinyume chake. Kwenye ikweta jua huhama: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba liko kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye viwanja visivyo na namba za viti. Watu huwahi asubuhi, wakakuta kivuli kizuri upande wa mashariki, wakatandika mikeka ya akili hapo. Ni kivuli cha asubuhi. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na mechi ikianza wale waliowahi ndio wanaokaangwa, huku waliochelewa wakijibanza magharibi bila jasho. Ukifika mapema, vumilia jua la sasa upate kivuli cha baadaye.

Kuna viti vingine vya kivuli cha kudumu: safu za nyuma za ghorofa ya chini, zilizofunikwa na jukwaa la juu. Mimi nazipenda, ingawa kipa akibutua, mpira unapotelea nyuma ya dari na unabaki kuwatazama wachezaji ili ujue utatua wapi.

Mechi ya mchana wa jua la utosi haina upande wa kukimbilia. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994, Brazil na Italia, ilianza saa 6:30 mchana katikati ya Julai kwenye uwanja wa Rose Bowl, California, bakuli la wazi lisilo na paa. Zaidi ya watu 90,000 walikaa hapo dakika 120 na penalti juu yake. Magharibi au mashariki, wote walipata jua lilelile. Ukikutana na ratiba ya namna hiyo, chukua kofia yenye ukingo mpana na maji kama yanaruhusiwa. Mwavuli uache nyumbani: viwanja vingi haviuruhusu, na ukifanikiwa kuupitisha getini, walioko nyuma yako watakufunza adabu kabla refa hajapuliza kipenga.