Ratiba ya matengenezo ikibadilishwa baharini, nani atie saini?

Bonde la Lamu, pwani ya Kenya, limekwisha kutobolewa kutafuta mafuta na gesi. Kisima cha Mbawa cha mwaka 2012 kilionesha gesi isiyotosha biashara, na kile cha Mlima, kilichoanza mwishoni mwa 2021, hakikupata akiba ya kuvunwa. Mtambo mwingine ukija, vijana wa Lamu na Malindi watapanda kufanya kazi, na watakutana na swali linalogombaniwa kwenye mitambo yote ya baharini: je, ni halali kupunguza ukaguzi wa vifaa vya usalama?

Wanaotaka kupunguza wana hoja, na si ya pesa tu. Tumezoea kudhani kwamba kifaa kikikaguliwa mara nyingi zaidi ndivyo kinavyokuwa salama zaidi. Lakini kila kinapofunguliwa kinaweza kufungwa vibaya. Boti za kujiokoa zimeua mabaharia katika mazoezi ya kuzishusha, kulabu zikiachia kabla boti haijagusa maji. Ndiyo maana masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini yaliyoanza Januari 1, 2020, yanataka ukaguzi wa kila mwaka na majaribio ya kila miaka mitano yafanywe na mafundi walioidhinishwa.

Hata moto wa Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi ulioungua baharini upande wa Uskochi Julai 6, 1988 na kuua watu 167, ulianzia kwenye matengenezo. Vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kuhudumiwa, tundu likazibwa kwa bamba. Kazi haikuisha, zamu ikabadilishana. Usiku pampu ya pili ilipozimika, wa zamu wakawasha ile ya kwanza bila kujua kuwa vali haipo, gesi ikavuja na kulipuka.

Hapo mtetezi wa kupunguza husimama, naye angepaswa kuendelea kusoma. Usiku huohuo pampu za maji ya kuzimia moto hazikujiwasha, kwa sababu zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana pale tu mpiga mbizi alipokuwa karibu na mdomo wa bomba linalovuta maji ya bahari. Ikageuka desturi ya muda wote wa kupiga mbizi, awe karibu au mbali. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko fundi aliyekosea kukaza bolti: badiliko dogo, lenye sababu njema, lililoota mizizi bila mtu wa kuuliza litaisha lini.

Tena vifaa hivi vina ugonjwa wao. Mwenye jahazi hapa Lamu huamua mwenyewe lini alipandishe pwani alikalafati na kulipaka deheni, kwa kuwa mbao zikianza kuvuja ataona maji ngamani. Kitambuzi cha gesi kilichokufa hakivuji. Kinakaa ukutani vilevile, kimya, hadi siku gesi itakapotoka. Kikipimwa kila mwezi, ubovu wake hukaa bila kujulikana nusu mwezi kwa wastani. Ukisogeza kipimo kiwe kila miezi sita, hukaa miezi mitatu. Kwa hiyo rekodi inayosema "hakijawahi kuharibika" haitoshi. Lazima ionekane kilipimwa mara ngapi, na mara ngapi kilikutwa kimekufa.

Na rekodi hiyo iwe ya hapa. Takwimu za bahari ya baridi hazijui joto letu, wala chumvi ya kusi inayokula chuma kwa miezi. Kampuni ikileta ratiba iliyothibitishwa kwingine, nisingekubali irefushwe kabla vifaa hivyo havijapita kaskazi na kusi vikiwa vinapimwa kwa ratiba ya zamani.

Mimi naunga mkono mabadiliko, hasa yale yanayopunguza kufungua mitambo ovyo. Ila kila badiliko liwe na karatasi yake: sababu, tarehe ya kuisha, na jina la mwenye kulirudisha nyuma. Zamu inayoingia isomewe karatasi hiyo kwa lugha inayoielewa, hata kama meneja anaandika Kiingereza. Saini ya ofisini pekee isitoshe. Iwepo ya fundi anayekigusa kifaa, na ya mwakilishi wa mabaharia watakaoshuka na boti ya kujiokoa. Mmoja wao akikataa, ratiba ya zamani iendelee mpaka hoja yake ijibiwe kwa maandishi.