Barafu Yangu na Mtego wa Punda

Mimi barafu naijua. Kila alfajiri naichukua jetini, naifunga gunia, naitia mkokotenini, mbio hadi sokoni kabla samaki wangu, changu na tewa, hawajaanza kunuka. Basi mtoto wa dada yangu aliponiambia, "Mjomba, kuna watu juu ya barafu wanacheza mpira wa magongo," niliona nimetukanwa mimi na kazi yangu.

Akaniamsha saa tisa usiku, maana huko Marekani kunakochezwa ndiyo kwanza saa moja jioni. Mpira wenyewe si mpira, ni kidude cheusi bapa cha raba, nacho hugandishwa kwanza kisije kikadunda. Barafu juu ya barafu! Na sisi hapa Lamu tunagombania kipande.

Nikangoja mabao. Sikuyaona. Watu wamejipanga katikati ya uwanja kama wazee barazani, hapiti mtu.

"Huo ndio mtego, mjomba! Timu ya New Jersey Devils walibebea kombe la ligi 1995, kocha wao Jacques Lemaire. Detroit walikuwa moto, wakafungwa fainali mechi nne kwa sifuri."

Sawa, kombe ni kombe. Lakini mimi nimeamshwa nije kuona watu wakizuiana?

Hata wenye ligi ilifika mahali wakaona haya. Msimu wa 2004 hadi 2005 ulifutwa wote kwa ugomvi wa mishahara, na waliporudi wakaruhusu pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili ya uwanja, ipate kuuvunja mtego, na sare zikawa zinaamuliwa kwa penalti. Wapi! Mtego nao ukajifunza sheria mpya. Kijana akanitafutia mechi ya Novemba 2011. Tampa Bay wamejipanga mmoja mbele, watatu katikati, mmoja nyuma. Philadelphia wakasema kama hamtoki, nasi hatuji. Beki akasimama na kidude chake, kimya, kama boti ya Mokowe inayongoja ijae. Mwamuzi akapuliza firimbi. Wakaanza upya, akasimama tena! Na watu wamelipa tiketi. Tampa Bay wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, mwenzangu akapiga makofi peke yake.

Nikaenda jetini sijalala.

Narudi, naingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mbele yangu punda. Mmoja katangulia na mchanga. Nyuma yake watatu wamebanana, simiti huku na huku, mahali ambapo hata wawili hupita kwa kuombana radhi. Wa mwisho amelala. Mwenye punda? Anakunywa kahawa.

"Bwana, nipishe, barafu hii!"

"Ngoja wao wasogee."

"Wasogee wapi?"

"Wenyewe wanajua."

Mzee wa barazani akatoa ushauri nitangulize tumbo. Maji yakaanza kunitiririkia miguuni, tone, tone, kikoi kikanata mapajani. Juu, dirisha likafunguka, bibi mmoja akateremsha ndoo kwa kamba, taratibu kabisa: "Baba, kwa kuwa yanamwagika, nikingie."

Nikageuka nirudi nyuma. Nyuma nimezibwa na mtoto wa dada yangu, simu mkononi, anarekodi, macho yanamng'aa.

"Usisogee, mjomba! Moja-tatu-moja hiyo! Simama hivyo hivyo kama Philadelphia!"

Nikamkabidhi ndoo ya bibi akinge yeye.