Nani Atamwinua Saa Nane za Usiku?

Mzee akiwa kwenye kituo cha uuguzi, ukimuuliza anataka nini atakujibu neno moja: nyumbani. Anataka kitanda chake na mlango wa kuufunga mwenyewe. Wauguzi wanalijua hilo, watoto wake wanalijua, na anayelipa bili analijua pia. Kwa hiyo kwamba nyumbani ni pazuri, hakuna anayebisha. Watu hugombana wanapofika kwenye tarehe ya kumrudisha.

Wanaosema aende mapema wana hoja nzito, na mimi ninaegemea kwao zaidi ya nilivyokuwa zamani. Mwili wa mzee haungoji. Kila siku ya kulala inakula misuli, na mtu aliyeingia kituoni kupona nyonga iliyovunjika anaweza kutoka akiwa dhaifu kuliko alivyoingia. Vituo hivi pia huwaweka watu dhaifu chini ya paa moja. Mwaka 2020 Uviko ilionyesha kinachotokea ugonjwa ukishabisha hodi mahali kama hapo. Halafu kuna utegemezi wa polepole. Mhudumu mwenye wagonjwa wengi asubuhi hana muda wa kusubiri mama avae soksi mwenyewe kwa dakika kumi, basi anamvalisha. Baada ya mwezi, mama hawezi tena kuvaa soksi.

Nchini Marekani sheria nayo imeelekea huko huko. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Olmstead, iliamua kwamba kumweka mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi pasipo sababu, ilhali angeweza kuhudumiwa katika jamii, ni ubaguzi.

Wanaosema asubiri wana hoja zao, na ya kwanza ni fedha. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hulipia hadi siku 100 za uuguzi wa kitaalamu kwa kila kipindi cha ugonjwa. Siku 20 za kwanza mgonjwa halipi kitu. Kuanzia siku ya 21 anaanza kuchangia kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaoruhusiwa kuondoka huongezeka siku ya 20, ya mwisho ya bure. Goti halijui kuhesabu hadi 20. Kituo kikiona huduma inayolipiwa inafika mwisho, kinatakiwa kumpa mgonjwa notisi angalau siku mbili kabla, naye ana haki ya kukata rufaa ya haraka. Haki hiyo ipo, ila mara nyingi hutua mikononi mwa binti aliyetoka kazini, hajala, na ameambiwa asaini hapa na hapa. Wengi bado wanaambiwa mgonjwa lazima aondoke kwa kuwa “haendelei kupata nafuu”, ingawa maafikiano ya mwaka 2013 katika kesi ya Jimmo, iliyoihusu Medicare, yaliweka wazi kwamba kupata nafuu si sharti: huduma ya kitaalamu inayomzuia asizidi kudhoofika nayo inalipiwa.

Hoja ya pili ndiyo inayonikaa rohoni, nayo ni mahali mtihani unapofanyiwa. Kituoni mama anapimwa kwenye korido pana yenye taa na sakafu tambarare, mtaalamu wa viungo akiwa amemshika mkanda wa kiunoni, mchana. Anafaulu. Nyumbani saa nane za usiku anaamka kwenda haja ndogo na kukuta mlango wa choo ni mwembamba kuliko fremu yake ya kutembelea. Anaiacha nje. Hatua mbili za mwisho anazipiga akiwa ameshika fito ya taulo, na fito ya taulo haikutengenezwa kubeba mtu. Mpango wote wa kumrudisha ungeweza kuanzia kwa mtu mmoja na futi ya kupimia, kabla tarehe haijatajwa. Vyuma vya kushikia ukutani, ambavyo Medicare ya kawaida hailipii, huokoa zaidi ya kurasa kumi za maelekezo.

Dawa nazo zina mtego wake. Mgonjwa anarudi na chupa mpya iliyoandikwa furosemide. Kwenye droo ya kitanda kuna ya zamani iliyoandikwa Lasix. Ni dawa ileile ya kutoa maji mwilini, ila nani kamwambia? Akimeza zote mbili anakojoa mara dufu, presha inashuka anaposimama, na tunarudi palepale chooni. Kanuni zinataka dawa za kabla na za baada ya kuruhusiwa zilinganishwe. Kulinganisha kwenye karatasi hakuifikii ile droo. Lazima mtu aifungue.

Sasa, mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuchagua hatari. Akisema afadhali aanguke kwake kuliko akae salama kwa watu, hayo ni maamuzi ya mtu mzima, na daktari anayemzuia “kwa usalama wake” mara nyingine anajilinda mwenyewe. Hapo niko upande wa mzee kabisa.

Ila kuna mtu wa tatu ambaye pande zote mbili humpita. Mzee anapochagua kwenda nyumbani, anachagua pia mgongo wa bintiye, usingizi wake na pengine ajira yake. Kanuni za Marekani zinalijua hili: mpango wa kumruhusu mgonjwa unatakiwa kuangalia kama mtu wa kumhudumia yupo na kama anaiweza kazi yenyewe. Kiutendaji, swali linaulizwa mama akiwa ameketi pale pale, macho kwa mwanawe: “Utaweza kumhudumia?” Mtoto gani atajibu hapana? Kwenye fomu panaandikwa kwamba familia ipo tayari.

Najua pingamizi. Ukimpa binti nafasi ya kukataa, wazee wengi watabaki vituoni, na asiye na mtoto hatatoka kabisa. Ni kweli kwa kiasi. Muuguzi wa nyumbani anayelipiwa na Medicare huja mara chache kwa wiki, kisha huondoka, hakai usiku. Programu za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zinazoleta msaidizi wa saa nyingi zina foleni katika majimbo mengi. Lakini “ndiyo” ya kulazimishwa haiziondoi saa hizo zinazokosa mtu. Inazificha tu, na zinakuja kuonekana mgonjwa akirudi hospitali na kidonda cha kulalia, au binti mwenyewe akilazwa. Hapana iliyosemwa mapema inamlazimisha mratibu wa kuruhusu wagonjwa kutafuta msaada wa kulipiwa wakati bado kuna wiki mbili mkononi. Kumruhusu mgonjwa Ijumaa jioni, huku huduma ya nyumbani ikiwa na hadi saa 48 kufanya ziara ya kwanza, maana yake wikiendi nzima ni ya familia peke yao.

Kitu ambacho ningekidai, kama ningekuwa na cha kudai kimoja tu, ni usiku mmoja wa majaribio. Binti alale kituoni, afanye yote kwa mikono yake: kumgeuza, kumwinua, kumsafisha, kutoa dawa za saa kumi na mbili asubuhi, muuguzi akiwa karibu bila kugusa. Kuelekezwa saa tisa alasiri na kuitikia kwa kichwa hakutoshi. Kukipambazuka, aitwe pembeni, mama akiwa bado chumbani, aulizwe upya kama ataweza. Na anayeuliza awe tayari kuandika atakachojibiwa.